Biashara ya simu isigeuzwe shamba la matapeli

Anayefika asubuhi Kunduchi Pwani wakati mashua zinarudi ataona biashara ya aina ambayo wazee wetu waliizoea. Samaki wanamwagwa juu ya turubai, dalali anapaza sauti, wanunuzi wanamzunguka. Mmoja anafunua mashavu ya changu kuona kama bado ni mekundu, mwingine anabonyeza tumbo la kibua kwa kidole. Bei ikikubalika, fedha zinatoka mfukoni na samaki wanaingia kwenye ndoo. Hakuna anayeuliza nani atangulie kutoa chake, kwa sababu mali na fedha vimekutana mahali pamoja, mbele ya macho ya watu.

Ukipanda kutoka hapo kwenda Mtongani, ukaendelea hadi Salasala na Tegeta, utakuta biashara nyingine kabisa. Huko nyuma ya nyumba nyingi kuna banda la kuku, na wafugaji wengi siku hizi wanatafuta wateja kwa simu. Picha ya kuku inatumwa katika kundi la WhatsApp au kuwekwa Instagram. Mteja yuko Kibaha, Morogoro au Tandika. Hajamwona muuzaji wala kuku mwenyewe. Wanapatana bei kwa maneno, kisha linabaki swali moja ambalo ndilo chanzo cha kilio kikubwa: nani atume kwanza?

Mnunuzi akituma fedha kwanza, anaweza kukuta simu ya muuzaji imezimwa. Muuzaji akituma mzigo kwanza, anaweza kuambulia ahadi. Na kwa kuwa wengi hawana jibu la swali hili, matapeli wamelijibu kwa niaba yao.

Utapeli wenyewe si mgeni kwa wasomaji wetu. Mtu anaweka picha ya mitetea inayokaribia kutaga, bei yake iko chini kidogo kuliko ya soko. Anasema wateja ni wengi, anayetaka aharakishe kutuma kianzio ili awekewe. Kianzio kikishaingia anadai nauli ya gari, kisha fedha ya kibali, kisha hapatikani. Ile picha ilichukuliwa kwa mfugaji mwingine ambaye hana habari kwamba kuku wake wameuzwa mara kumi.

Upande wa pili nao una machungu yake. Muuza mayai anapokea ujumbe unaofanana na wa kampuni ya simu ukisema ameingiziwa fedha. Bodaboda iko mlangoni, mteja anapiga simu kila dakika akisema ana haraka. Trei ishirini zinafungwa na kuondoka. Jioni akiangalia salio, hakuna kitu. Ujumbe ule uliandikwa na mtu kwa mkono wake na kutumwa kutoka namba ya kawaida.

Kuna pia utapeli usioitwa utapeli, lakini unauma vile vile. Mteja anaagiza kuku mia moja wa nyama waliochinjwa, kisha hapokei tena simu. Kuku wa nyama akishafika wiki ya tano au ya sita anatakiwa kuuzwa. Kila siku anayobaki bandani anakula chakula ambacho bei yake hairudi. Aliyechinja kwa agizo la mtu asiyetokea hana friji ya kuku mia moja, na atalazimika kuuza kwa bei ya hasara kwa yeyote atakayepita.

Sisi hatuamini kwamba dawa ya haya ni kurudi nyuma na kuacha kuuza kwa simu. Tangu M-Pesa ilipoanza hapa nchini mwaka 2008, na huduma nyingine kama hiyo zilipofuata, mfanyabiashara mdogo amepata jambo ambalo hakuwahi kuwa nalo. Anaweza kulipwa na mtu wa Mbeya bila kupanda basi, na bila kubeba noti kiunoni. Mama anayeuza dagaa wa kukaanga anaweza kuwa na wateja wa mkoani. Hiyo ni neema, na anayetaka kuifuta hajawahi kulala stendi akilinda fedha za mauzo.

Lakini ieleweke kwamba simu iliharakisha fedha, haikuharakisha mzigo. Fedha zinafika kwa sekunde chache. Kuku wanafika kesho, samaki wanafika usiku. Katikati ya sekunde hizo na kesho hiyo kuna mwanya, na tapeli anaishi ndani ya mwanya huo. Kazi ya kujilinda ni kuupunguza.

Tatizo hili si letu peke yetu, na wapo waliolikabili kabla yetu katika bidhaa ambayo wengi wetu tungeiona ya mchezo. Huko Marekani, Japani na Ulaya, watu hununua na kubadilishana kadi za picha: kadi za wachezaji wa besiboli, kadi za mchezo wa Magic ulioanza mwaka 1993, na za Pokémon zilizoanza Japani mwaka 1996. Ni vipande vya karatasi ngumu, lakini iliyo adimu inaweza kuuzwa kwa bei ya nyumba. Wauzaji na wanunuzi wako miji tofauti, wanakutana kwa intaneti tu, na kadi inasafiri kwa posta. Ni yale yale ya kuku wa Salasala na mteja wa Morogoro.

Watu hao, baada ya kuibiana vya kutosha, walijiwekea desturi. Mgeni asiye na rekodi ndiye anayetangulia kutuma. Yule ambaye watu wengi wameshafanya naye biashara na kumsifu hutuma baadaye. Ikiwa wote wawili ni wageni, au kama mali ni ya thamani kubwa, wanamtafuta mtu wa tatu anayeaminiwa na pande zote. Kila mmoja anamtumia chake, anakagua, kisha anawapelekea. Anayeuza anatakiwa kupiga picha ya kadi yenyewe ikiwa pembeni ya karatasi iliyoandikwa jina lake na tarehe ya siku hiyo, ili ijulikane kwamba kadi anayo mkononi. Na anatakiwa kutaja kasoro kabla hajaulizwa: pembe iliyochakaa, mkwaruzo, doa. Anayeficha kasoro anahesabiwa pamoja na mwizi.

China nayo ilikutana na swali hilo hilo. Soko la Taobao lilipoanza mwaka 2003, wanunuzi waliogopa kutuma fedha kwa watu wasiowajua. Mwaka uliofuata ikaanzishwa huduma ya Alipay, ambayo ilipokea fedha ya mnunuzi na kuishikilia mpaka athibitishe kwamba mzigo umefika. Muuzaji alijua fedha ipo, mnunuzi alijua haijaliwa. Biashara ikapata miguu.

Hata hivyo mtu wa kati naye anahitaji kutazamwa. Kuna kampuni ya Tokyo iliyoitwa Mt. Gox. Jina hilo lilitokana na wazo la kufungua soko la kubadilishana kadi za Magic. Mwaka 2010 iligeuzwa kuwa soko la fedha za kidijiti za Bitcoin, na watu wa nchi nyingi wakaiachia mali zao iwatunzie. Mwezi Februari 2014 ilifilisika, ikatangaza kwamba bitcoin zipatazo 850,000 hazionekani. Baadaye ziliokotwa kama 200,000 tu. Sisi tulikuwa na DECI, iliyowaambia watu wapande mbegu za fedha na kuvuna, hadi Serikali ilipoisimamisha mwaka 2009. Somo ni kwamba mtu wa kati anashika mali kwa muda mfupi, kwa kazi inayojulikana, na anatoa hesabu. Akianza kukaa nayo muda mrefu na kuahidi faida, huyo si dalali tena.

Tukirudi nyumbani, tunaona kwamba desturi hizo hazihitaji mtambo wala kibali. Mfugaji wa Kunduchi na mteja wake wanaweza kuzianza leo. Wafanyabiashara wetu wana neno la mali kauli, yaani kumpa mtu bidhaa kwa kuamini kauli yake. Mali kauli ilifanya kazi Kariakoo kwa sababu aliyepewa alijulikana: duka lake, nyumba yake, mdhamini wake. Kumpa mali kauli mtu ambaye humjui zaidi ya picha yake ya simu ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, isipokuwa gunia lenyewe hulioni.

Jambo la kwanza ni maelezo yaliyonyooka. Anayeuza kuku aseme ni wangapi, wa umri gani, uzito wa wastani ni kilo ngapi, wamepata chanjo zipi na lini, ya kideri na ya gumboro. Anayeuza mayai aseme kama ni makubwa au mchanganyiko, na trei iwe na mayai thelathini mazima. Anayeuza samaki aseme walivuliwa lini na kama wamekaa kwenye barafu. Maelezo hayo yaandikwe kwenye ujumbe, yasiachwe hewani kwenye mazungumzo ya simu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na siku hizi ujumbe wa simu nao ni daftari.

Jambo la pili ni picha ya leo. Mnunuzi asione haya kuomba picha au video ya kuku hao hao, pamoja na karatasi yenye jina la muuzaji na tarehe. Muuzaji wa kweli atatumia dakika mbili bandani. Tapeli atakuja na visingizio: yuko safarini, simu ni mbovu, kwani huniamini? Jibu la swali hilo la mwisho ni kwamba biashara bado haijafika kwenye kuaminiana.

La tatu ni jina. Kabla hujaweka namba ya siri, huduma za fedha kwa simu zinakuonyesha jina la anayepokea. Kama muuzaji amejitambulisha kwa jina moja na simu inakuonyesha jingine, simama hapo hapo. Tapeli atasema ni laini ya mke wake, au ya wakala. Inaweza kuwa kweli, lakini mwenye duka au banda la kudumu ni vizuri awe na Lipa Namba yenye jina la biashara yake, ili mteja asilazimike kukisia.

La nne linamhusu anayepokea fedha. Ujumbe si fedha. Fedha ni salio. Muuzaji asiachie mzigo mpaka ameangalia salio lake mwenyewe kwa kupiga menyu, hata kama bodaboda inaunguruma na mteja anafoka. Na mtu akipiga simu kudai kwamba amekosea namba, kwa hiyo umrudishie, mwelekeze kwa kampuni yake ya simu, ambayo ndiyo yenye utaratibu wa kurudisha muamala. Namba ya siri haipewi mtu, hata anayejitambulisha kuwa mfanyakazi wa kampuni.

La tano ndilo zito zaidi, nalo ni kugawana hatari. Si haki mnunuzi atume fedha yote kwa mtu asiyemjua. Si haki pia mfugaji achinje kuku mia moja kwa neno tupu. Tunaona njia iliyo sawa kwa pande zote ni kianzio kidogo kinachotosha kufidia usafiri na usumbufu, na kinachobaki kulipwa mzigo ukishaonekana na kuhesabiwa. Wapatane mapema: mteja akikataa mzigo ulio kama ulivyoelezwa, kianzio kimekwenda. Mzigo ukiwa tofauti na maelezo, kianzio kinarudi na gharama ya gari ni ya muuzaji. Vifaranga wakifa njiani, nani anabeba? Hilo nalo liandikwe kabla gari halijaondoka, maana likijadiliwa baada ya kufa litazaa ugomvi.

Anayeanza biashara na mtu mpya aanze na kidogo. Trei tano kabla ya hamsini, kuku kumi kabla ya mia. Tapeli hana subira ya kuuza trei tano kwa uaminifu mwezi mzima ili aibe za hamsini, na akiwa nayo, walau umeshapata muda wa kumjua anakaa wapi.

La sita ni mtu wa kati anayejulikana. Kunduchi haina uhaba wa watu wa aina hiyo: dalali wa siku nyingi pale pwani, mwenyekiti wa kikundi cha wafugaji, mweka hazina wa VICOBA ambaye vitabu vyake vinakaguliwa kila wiki. Mteja wa mbali anaweza kuwa na ndugu au rafiki Tegeta atakayekwenda bandani kuhesabu na kuona. Malipo madogo kwa mtu huyo ni nafuu kuliko hasara. Vikundi vya wafugaji vikiifanya kazi hiyo kwa ada inayojulikana na daftari lililo wazi, vitakuwa vimewasaidia wanachama wake kuliko mikutano mingi ya kulalamika.

Tunapozungumzia haki katika biashara, hatuwezi kunyooshea kidole matapeli tu tukajisahau sisi wenyewe. Muuzaji anayechanganya mayai ya juzi na ya wiki mbili zilizopita, anayemwagia samaki maji ili wang'ae kwenye picha, anayesema kuku ana kilo mbili wakati ana moja na nusu, naye anaua soko. Mteja aliyeumizwa mara mbili na wauzaji wa kawaida atarudi sokoni kwa miguu, na banda la muuzaji mwaminifu litakosa mnunuzi kwa kosa asilolifanya. Vivyo hivyo mteja anayeagiza sehemu tatu kisha akachukua penye bei ya chini bila kuwaarifu wengine, huyo ameiba chakula cha kuku wa watu wawili.

Sheria ipo. Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Mtandao na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki mwaka 2015. Ya kwanza inafanya udanganyifu wa kutumia vifaa vya mawasiliano kuwa jinai, na ya pili inatambua kumbukumbu za kielektroniki kama ushahidi. Kwa hiyo usifute ujumbe wa mapatano kwa hasira. Tangu mwaka 2019 laini za simu zimekuwa zikisajiliwa kwa alama za vidole, na zisizosajiliwa zilianza kuzimwa Januari 2020. Bado matapeli hutumia laini zilizosajiliwa kwa vitambulisho vya watu wengine. Kila msomaji apige *106# aone ni namba zipi zimesajiliwa kwa jina lake, maana anaweza kuwa anaibia watu bila kujua.

Aliyeibiwa asikae kimya kwa aibu. Dakika za kwanza ndizo za thamani: apige simu kwa kampuni yake kuomba fedha izuiwe kabla haijatolewa kwa wakala. Kisha aipeleke namba ya tapeli kwenye 15040, ambayo Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, imeitenga kwa kazi hiyo. Halafu aende kituo cha polisi akiwa na ujumbe wote na kumbukumbu za muamala, apewe RB. Wapo wanaosema fedha yenyewe ni ndogo, haifai kusumbuka. Tapeli anawategemea hao. Shilingi elfu thelathini za watu mia ni milioni tatu, na hakuna hata mmoja aliyelalamika.

Tunawaomba pia wasomaji wasigeuze hasira kuwa hukumu. Kusambaza jina na picha ya mtu kwamba ni mwizi kabla ya kuwa na uhakika kunaweza kumwangamiza asiye na hatia, hasa pale picha na laini zenyewe zimeibwa. Na anayekamatwa apelekwe polisi akiwa mzima.

Kwa upande wa wenye dhamana, tuna maombi matatu. Kampuni za simu ziwape wafanyabiashara wadogo huduma nafuu ya kushikilia fedha mpaka mnunuzi athibitishe kupokea mzigo, yenye muda maalum na njia ya haraka ya kusikiliza mgogoro. Jeshi la Polisi liyaone malalamiko ya trei ishirini kuwa na uzito sawa na ya duka kubwa, kwa sababu kwa mfugaji mdogo trei ishirini ndiyo ada ya mtoto. Na wanaosimamia makundi ya biashara katika simu wasimwache mtu yeyote kutangaza bidhaa kabla hajajulikana jina lake, anakofugia, na angalau wanachama wawili waliowahi kununua kwake.

Pale Kunduchi Pwani, dalali anayedanganya bei leo hapati wa kumsikiliza kesho, kwa sababu pwani nzima ilimwona. Soko la simu halina pwani. Ni sisi wanunuzi na wauzaji tunaopaswa kuwa macho ya wenzetu, kwa kusema ukweli kuhusu mali tunayouza, kulipa tunachoagiza, na kutoa taarifa tunapoibiwa. Kesho mtu akikutumia picha ya kuku wazuri kwa bei ya kutupa na kukuambia uharakishe, weka simu chini kwanza. Kuku wa kweli atakuwepo hata baada ya maswali matatu.